Acheni Kuongeza Jani

Nilisema, "Mjomba, ongeza jani moja tu."

Nilisema kwa simu nikiwa Umoja, nimesimama nje ya duka la M-Pesa na smokie mkononi. Mjomba alikuwa Maralal, zaidi ya kilomita 300 kutoka niliposimama, amejilaza chini ya Land Rover yake ya Series III, ile ndefu ya 109. Gari lilikuwa limelala. Upande wa kulia ulikuwa umeshuka mpaka ekseli inagonga chesisi kila akipita shimo. Akaniuliza, "Sasa tufanyeje, injinia?" Nilikuwa mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo, na kwetu nilishapewa hicho cheo kabla sijafuzu. Sikufikiria hata sekunde mbili. Ongeza jani.

Jani likaongezwa. Gari likainuka. Mjomba akanitumia mia tano ya lanchi.

Miezi minne baadaye, kwenye mteremko baada ya Poro, njia ya kwenda Baragoi, kile kishikio kinachounganisha kamani na chesisi kiling'oka, kikatoka na kipande cha chesisi yenyewe. Ekseli ikakaa upande, gari likaingia mtaroni. Mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma na mzigo wake wa sare za shule alivunjika mkono. Mjomba alilipa hospitali. Alilipa kwa pesa zilizokuwa zimewekwa za karo yangu. Muhula uliofuata sikurudi chuo, na sijarudi mpaka leo.

Siwaambii hivi mnionee huruma. Nawaambia mjue kwamba ninapoandika kuhusu kuongeza jani, siandiki kama mtu aliyesimama pembeni akinyoosha kidole. Mimi ndiye niliyesema.

Kwa wale ambao hawajawahi kuinama chini ya gari: kamani, ama springi kama wengi tunavyoiita, ni vipande virefu vya chuma vilivyopindwa kama upinde wa mshale na kupangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu, kifupi chini. Kila kipande kinaitwa jani. Bolti moja inapita katikati na kuyashika yote pamoja, halafu yu-bolti mbili zinaifunga kamani kwenye ekseli. Gari likibeba mzigo, upinde unanyooka. Mzigo ukishuka, upinde unarudi. Land Rover ziliendeshwa hivyo tangu ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, na hizo Series III zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985 bado zinabeba watu, mbuzi, sukari na magodoro kaskazini mwa nchi hii huku wengine wetu tukizipiga picha tu.

Siku moja upinde haurudi tena. Gari linalala. Na hapo ndipo Wakenya wote tunageuka mafundi.

Kambi ya kwanza inasema: chuma kimechoka, tupa, nunua mpya. Hii ni kambi ya vijana wenzangu walio na pickup za wikendi, wale wa kupanda Ngong Jumamosi na kuposti matope Jumapili. Kambi ya pili inasema: ongeza jani. Hii ni kambi ya karibu kila mtu mwingine. Wana ndugu zao pia: kuna wanaoweka kipande cha chuma kati ya kamani na ekseli, na kuna wanaoweka sheko ndefu, ile bawaba inayoshika mwisho wa kamani, ili mkia wa gari upande juu. Ukirefusha sheko kwa inchi mbili, gari linainuka inchi moja hivi, na pembe ya ekseli inabadilika. Ukifanya hivyo mbele, usukani unaanza kutangatanga kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba. Lakini gari limeinuka, si ndiyo? Picha inatoka poa.

Kambi hizi mbili zinatukanana kila siku, na zote mbili zinakosea kwa njia moja. Hakuna anayefungua.

Wacha nianze na huu uongo wa chuma kuchoka. Nilifundishwa kuhusu Robert Hooke, yule Mwingereza aliyechapisha mwaka 1678 kwamba springi inavutika kwa kiasi cha nguvu inayoivuta. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani, nikapata B, na sikuwahi kushika kamani hata moja. Kama ningeelewa nilichoandika ningejua hivi: chuma kina kikomo. Ukikipinda ndani ya kikomo, kinarudi kilipokuwa, hata mara elfu. Ukikipinda kupita kikomo, kinabaki kilipofika. Ni hayo tu. Kamani iliyolala haijawa laini. Ugumu wake ni uleule wa siku ilipotoka kiwandani. Kilichopotea ni umbo.

Uchovu wa chuma upo, sikatai. Ni ule ufa mdogo usioonekana kwa macho unaokua kila gari linaporuka, mpaka jani linakatika pwaa katikati ya barabara. Lakini huo ni ugonjwa mwingine. Kulala si uchovu. Kulala ni ushahidi kwamba mtu fulani, siku fulani, alibebesha kitu hiki mzigo ambao hakikuundwa kubeba, na akafanya hivyo tena na tena. Tukisema "imechoka" tunailaumu kamani. Hilo neno tunalipenda kwa sababu halimuulizi mwenye gari swali lolote.

Sasa kuongeza jani. Ugumu wa jani unategemea unene wake mara tatu: unene mara unene mara unene. Kwa hiyo jani la milimita 9 likiwa na urefu na upana sawa na la milimita 6, ni gumu zaidi ya mara tatu. Mimi nilisema "jani moja tu" kana kwamba ni kuongeza kijiko kimoja cha sukari. Fundi waliyempata alikuwa na jani la lori, nene, akalikata likatosha, akalipachika. Gari likainuka kwa sababu lile jani lilikataa kupinda. Lakini barabara ya Baragoi haikuacha kupiga. Kila pigo ambalo kamani ingelimeza kwa kupinda, sasa lilipanda moja kwa moja kwenye kishikio na chesisi yenye umri wa kunizidi, yenye kutu kwa ndani. Kitu kilichokuwa laini kikafanywa kigumu, na kigumu kikatafuta cha kuvunja.

Na mzigo? Mzigo uliongezeka, jamani! Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma. Mjomba alipoona gari limesimama wima, alifanya ambacho binadamu yeyote angefanya. Aliongeza magunia mawili.

Baada ya ajali nilipanda Maralal, nikakaa miezi mitano. Nilikuwa na begi moja, aibu nyingi, na hakuna kazi. Gari lilivutwa mpaka kwa mzee mmoja fundi wa kamani, mhunzi hasa, mwenye fuawe iliyotengenezwa kwa kipande cha reli na mivuo inayoendeshwa na gurudumu la baiskeli. Chesisi ikachomelewa kwanza na mtu mwingine, ikawekewa bamba la kutia nguvu. Halafu mzee akasema kitu ambacho sikuwahi kusikia darasani: "Kabla ya kutengeneza, tufungue tuone."

Alianza kwa kupima. Gari likiwa tupu, mahali tambarare, kutoka ekseli mpaka chesisi, kushoto na kulia. Akaandika kwa chaki kwenye mlango. Kisha jeki, kisha magogo chini ya chesisi, kisha yu-bolti. Kabla ya kulegeza bolti ya katikati alibana majani yote kwa jiriwa, kwa sababu kamani ikifunguka ghafla inaweza kukutoa meno. Majani yakatandazwa sakafuni kama kadi. Yalikuwa na kutu iliyoganda kati ya moja na lingine kiasi kwamba hayakuwa yakiteleza tena. Yalikuwa yameshikana. Hapo nikajua gari lilikuwa likiruka kama punda hata kabla ya jani langu.

Alisugua kila jani kwa brashi ya waya. Akalipaka mafuta ya taa, akalifuta likakauka, akalipaka unga wa chaki. Tukasubiri. Kwenye jani la tatu mstari mwembamba ukajitokeza kwenye ile chaki nyeupe, kama unyoya. Ufa. Mafuta ya taa yalikuwa yamejificha ndani yake na sasa yanatoka. Nikamuuliza kama tunaweza kulichomelea. Akanitazama kama nimemuuliza kama tunaweza kuchoma maji. Kamani haichomelewi, akasema. Ukichomelea, pembeni mwa moto panakuwa kama glasi. Jani lile likawekwa kando, na jani la lori likawekwa kando pia.

Halafu akacheka. Cheko refu. Aliweka kamani ya kulia na ya kushoto sakafuni, akachora mpindo wa kila moja kwa chaki, akaniuliza, "Hizi nani alizibadilisha?" Kumbe kwenye Land Rover hizi za zamani kamani za upande wa dereva hazilingani na za upande wa abiria. Upande wa dereva hupewa upinde mkubwa zaidi kwa sababu unabeba zaidi. Mtu fulani, miaka mingi iliyopita, alizifungua na kuzirudisha kinyume. Gari lilikuwa limeinama kulia kwa muongo mzima. Familia nzima tulijua sababu: mjomba ni mnene. Tulimtania kwenye harusi. Halafu injinia wa familia akashauri jani la kuongeza upande huohuo.

Hakuna mtu aliyekuwa amefungua. Nisemeje zaidi?

Najua mtakachosema. Jua kali ndio wanaoharibu hizi kamani, wanazitupa kwenye makaa mpaka ziwe nyekundu, wanazipinda kama chapati, wiki mbili zimelala tena. Ni kweli. Nimeona. Chuma cha springi kikipashwa moto kikaachwa kipoe chenyewe hewani, kinapoteza ule ugumu wake wa ndani, na hapo ndipo kweli kinakuwa laini. Ili kirudi, lazima kipashwe kati ya digrii 830 na 900 hivi kulingana na aina ya chuma, kizamishwe kwenye mafuta, kisha kipashwe tena polepole, karibu digrii 400 mpaka 550, kisije kikavunjika kama kioo. Anayeruka hatua hizo anakuuzia takataka. Mzee mwenyewe alikuwa mkali kwa hilo kuliko profesa wangu. Alikuwa na sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, imefungwa kwenye waya. Chuma kikifika joto ambalo sumaku haikishiki tena, anajua amekaribia, anaongeza moto kidogo. Hiyo ni fizikia. Inatokea kwenye digrii 770 hivi, na hakuwa na kipimajoto.

Lakini kamani zetu hakuzipasha moto. Alizipinda baridi. Aliweka jani juu ya vyuma viwili vilivyoachana kidogo, upande wa ndani wa upinde ukiangalia juu, akapiga kwa nyundo kubwa, pigo moja kila sentimita chache, kutoka katikati kwenda mwisho, halafu analirudisha kwenye mchoro wa chaki alinganishe. Alilipinda kupita mchoro kidogo. Nilidhani amekosea. Baadaye aliipanga kamani nzima, akaibana mpaka ikanyooka kabisa, akaiachia, akaibana tena, mara sita au saba. Kile kitakacholegea, alisema, kilegee hapa kwangu, kisilegee Morijo usiku.

Tulipaka grisi ya grafaiti nyembamba kati ya majani. Bushi mpya, bolti ya katikati mpya, yu-bolti mpya. Kila kamani ikarudi upande wake. Na bolti za sheko hakuzikaza mpaka gari lilipokanyaga chini kwa uzito wake wote, kwa sababu zile bushi za mpira ukizikaza gari likiwa hewani zitaishi zimejipinda na kuchanika mapema. Siku mbili za kazi, na jani moja kutoka gari bovu la aina hiyohiyo kuchukua nafasi ya lile lenye ufa. Alitoza elfu nane, ukiacha vipuri.

Nikamuuliza: mzee, kama unajua yote haya, kwa nini hapo nje una rundo la majani ya lori ya kuongezea watu? Hakukasirika. "Kijana, mteja halipii kufunguliwa. Analipia gari kusimama."

Hiyo sentensi imenikaa kifuani tangu siku hiyo. Nilikuwa nimekuja na hasira zangu nikitafuta fundi wa kulaumu, na fundi akanirudishia kioo. Jani linaongezwa kwa sababu sisi tunaliitisha. Tunataka asubuhi tulete gari limelala, saa sita tuondoke limesimama. Hatutaki kusikia kwamba pande zilibadilishwa. Hatutaki kuona ufa. Zaidi ya yote, hatutaki kuulizwa tunabeba nini.

Na msiniambie ni mambo ya magari tu. Chuo nilichosoma kilikuwa na ukumbi wa viti sitini hivi. Wanafunzi walipozidi, waliongeza viti vya plastiki kwenye njia. Walipozidi tena, waliongeza spika nje ya dirisha. Kila mwaka jani moja. Mwishowe tulikuwa watu tunaojibu maswali ya springi bila kuwahi kuiona springi, na tukiacha masomo tunaambiwa kizazi chetu ni legelege, hatujui kuvumilia. Landlord akiona nyufa, anapaka rangi na kuongeza ghorofa. Mama yangu akisema mgongo unamuuma, tunamnunulia dawa ya kupaka, kisha tunamwachia watoto wengine wawili wa kulea. Mtu akilala chini tunasema amechoka, apumzike kidogo, arudi. Mzigo hauguswi.

Kwa hiyo hii ndiyo hoja yangu, na sitaipunguza makali: kuongeza jani ni njia ya kukwepa swali. Kununua mpya bila kufungua ni njia ya gharama zaidi ya kukwepa swali hilohilo. Kamani mpya ukiifunga juu ya bushi zilizokufa, upande usio wake, chini ya mzigo uleule uliolaza ya zamani, italala pia. Itachukua muda mrefu kidogo tu, na utasema siku hizi vitu ni feki.

Swali lenyewe si la fundi. Ni la mwenye gari, na lina bei. Land Rover kama ile ni ya kubeba tani moja hivi. Magunia kumi ya mahindi ya kilo 90 ni kilo 900, na hapo hujaweka abiria hata mmoja. Mjomba alikuwa akibeba kumi na mbili, na watu tisa, na paa limejaa. Alifanya hivyo kwa sababu dizeli haingoji, na kwa sababu ukiacha magunia mawili pale stendi kuna gari lingine nyuma yako litakalosema nitabeba. Simlaumu. Nilikaa kwenye ile stendi miezi mitano, nikiita abiria na kufunga mizigo. Nilijionea mwenye mali anavyokukazia macho ukimwambia gari limejaa wakati yeye anaona nafasi.

Jioni tuliyotoa gari kwa mzee, tulikaa kwenye hatua ya nyuma ya Land Rover na karatasi. Safari moja, magunia manane na abiria sita. Tukatoa dizeli, tukatoa ushuru, tukatoa chai ya njiani. Kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko zamani, karibu theluthi moja. Mjomba aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Akauliza kama nina uhakika na hesabu. Nikamwambia safari hii ndiyo.

"Na karo yako?"

"Haimo humo, mjomba."

Akaikunja karatasi akaiweka mfukoni. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri mwenye duka mmoja alileta magunia kumi na mawili kama kawaida. Mjomba akapakia manane, akafunga mkia wa gari. Yule mtu akatukana kwa lugha tatu, akasema atatafuta gari la mwanamume. Gari lingine lilikuwa hapohapo nyuma yetu, injini imeshawaka. Nililitazama kamani zake. Upande wa kushoto, jani la chini kabisa lilikuwa jeusi, nene, la lori.

Hilo gari bado linafanya kazi njia hiyo. Mama mwingine amekaa nyuma yake sasa hivi, na mzigo wake. Kwa hivyo nawaomba nyinyi mlio na magari, na nyinyi mnaopigiwa simu na wajomba kwa sababu mlisoma kidogo: msijibu haraka. Mwambie apime. Mwambie afungue. Muulize anabeba nini.